Spishi Moja Ikigeuka Mbili: Namna ya Kurekebisha Orodha ya Ndege wa Eneo Lako

Wataalamu wakigawa spishi moja kuwa mbili au zaidi, wengi wetu hukimbilia kuongeza idadi ya spishi kwenye orodha zetu. Subiri kwanza ufungue ramani. Nitatumia mifano miwili ya ndege wadogo wa kahawia, wale wanaotuumiza vichwa sote.

Hatua ya 1. Chagua orodha moja ya majina ushikamane nayo. eBird, mfumo wa mtandaoni wa kuhifadhi rekodi za ndege, hufuata orodha ya Clements na husasishwa kila mwaka. Wengine walizoea orodha nyingine ya dunia, IOC. Tangu Juni 2025 ipo AviList, orodha ya pamoja ya dunia. Ukizichanganya, utamhesabu ndege mmoja mara mbili.

Hatua ya 2. Tazama kila kipande kimeangukia wapi. Hippolais pallida ya zamani, ndege mdogo anayehama, sasa ni spishi mbili: Iduna pallida ya mashariki na Iduna opaca, ambayo huzaliana Hispania na kaskazini-magharibi mwa Afrika, kisha hukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi. Wanaotufikia Kenya na Tanzania ni pallida. Badilisha jina, idadi ibaki ileile.

Hatua ya 3. Sasa kazi yenyewe. Mfano wa pili ni ndege mdogo wa vinamasini: tulikuwa tukimwandika Cisticola galactotes kuanzia Malindi hadi Kisumu. Baada ya mgawanyo, jina hilo limebaki na ndege wa kusini-mashariki mwa Afrika. Wa pwani yetu ni C. (yaani Cisticola) haematocephalus, wa bara ni C. marginatus. Orodha ya Kenya imepata nyongeza ya mmoja. Ya Kisumu haikuongezeka hata kidogo.

Kwa hiyo rudi kwenye daftari, rekodi moja baada ya nyingine, ukiangalia mahali kabla ya kitu kingine. Kinamasi cha Malindi: haematocephalus. Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria: marginatus. Mimi nilikuta nimeandika "njiani, Mombasa–Nairobi", bila picha wala jina la mji. Uvivu wangu mwenyewe! Rekodi ya namna hiyo iandike marginatus/haematocephalus, yaani mmoja kati ya hao wawili, na usiihesabu kuwa spishi ya ziada. Usikisie kwa sababu tu nafasi iko wazi.

Hatua ya 4. Kwa walio eBird, mfumo hubadilisha rekodi nyingi wenyewe kwa kufuata mahali ulipoziweka. Pakua data zako kabla ya sasisho la mwaka, kisha linganisha. Kama kwenye ramani ulibandika alama ya mahali pa orodha kilomita 200 kutoka pale ulipomwona ndege, mfumo utakupa jina la huko iliko alama.