Yoga haianzii kwenye mkeka

Jamani mnaotaka kuanza yoga ya kiroho, msikimbilie kujipinda mpaka mgongo ulie. Kwenye ile njia ya Patanjali (mwalimu wa yoga wa India ya kale) yenye matawi 8, mikao ni tawi la 3 tu, la kwanza kabisa ni namna unavyoishi na watu na linaanza na ahimsa, yaani kutodhuru, hata kwa mdomo. Mi nafanyaga hivi, nikiamka kabla sijagusa simu nakaa hapohapo kitandani mgongo wima, navuta pumzi puani nahesabu 4, naitoa taratibu nahesabu 6, mara 10 basi. Akili itazurura, we irudishe tu bila kujigombeza (hiyo nayo ahimsa). Halafu mchana mtu akikuudhi, itoe kwanza ile pumzi ndefu ndo umjibu.