Kadi za posta za zamani na unyevu wa Pwani: jinsi ya kuzitunza

Kama una zile kadi za Zanzibar za miaka ya 1900 mwanzoni, Beit el Ajaib, Forodhani, zenye majina ya wapiga picha kina Gomes na Coutinho, kwanza zitoe kwenye albamu ya kubandika yenye gundi na nailoni juu. Ile gundi inakula karatasi. Ikigandia usivute, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, unausogeza huku na huku polepole, na ukiona inaanza kuchanika acha hapo hapo, kata ukurasa kuizunguka kadi, kipande kibaki nyuma yake.

Halafu plastiki, hapa ndo wengi wanapigwa. Vifuko laini vya PVC ni bei poa ila vinatoa asidi, na ile kemikali inayovifanya viwe laini inahamia kwenye picha mpaka kadi inanata. Utavijuaje? Nusa. Vikinuka kama pazia jipya la bafuni rudisha dukani. Vya polipropilini au poliesta havinuki, ukivifinya vinalia kachakacha. Kadi nyingi za enzi hizo ni kama sentimita 9 kwa 14 so chukua kifuko kilichozidi kidogo, kona zisibanwe, na selotepu isisogee hata karibu.

Unyevu sasa. Makumbusho wanapenda unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 50, sisi huku mara nyingi tumepita 70, kwa hiyo boksi lisiguse ukuta wa nje hasa nyumba za mawe maana zile kuta zinavuta maji, weka silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, ile inayobadilika rangi ikishiba, unaikausha kwenye oveni unairudisha. Vile vipakiti vya kwenye viatu havifiki mbali. Nafutalini usiweke ndani ya boksi, mende wazuie kwa usafi wa kabati.

Alama andika nyuma kwa penseli laini, biro hapana. Na stempu msibandue jamani! Kadi yenye stempu na muhuri wake ndo watu wanaitafuta.

Zikilowa na zimegandana usizibandue zikiwa zimekauka nusu, zifunge kwenye nailoni uweke friza kabla siku mbili hazijapita tangu zilowe, halafu tafuta fundi wa nyaraka kwa utulivu. Na kabla hayo hayajatokea, skani pande zote mbili kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), nakala moja iwe nje ya nyumba.