Kumtolea Mungu kwa kipato cha siku bila kula mtaji

Mafundisho mengi ya fungu la kumi yamepangwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Lakini Jumapili makanisa ya Dar es Salaam yanajazwa na watu wanaokula kwa siku: mama lishe wa Buguruni, dereva wa bodaboda wa Mbezi, muuza samaki wa Feri, fundi cherehani wa Manzese. Hao wakisubiri tarehe 30 ndipo watenge, hawatakuta kitu, na wala si kwa upungufu wa imani. Pesa inayoingia kila siku hutoka kila siku.

Utaratibu unaowafaa upo katika 1 Wakorintho 16:2. Paulo anasema siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Kwa hiyo siku inajulikana, fedha inatengwa nyumbani kabla ya kufika kanisani, na kiasi kinapanda na kushuka pamoja na kipato. Ukiahidi elfu ishirini kila wiki wakati biashara yako ina msimu wa mvua na msimu wa jua, umejifunga mahali ambapo Paulo hakumfunga mtu.

Hesabu ianzie kwenye faida. Hapa wengi wanaumia, tena wenye moyo mzuri kuliko wote. Tuseme mama lishe ameuza 120,000. Mchele, unga, maharage, mafuta na mkaa vimekula 82,000, msaidizi 8,000, maji na ushuru 3,000. Kilichobaki ni 27,000, na fungu lake la kumi ni 2,700. Akipiga kwenye mauzo atatoa 12,000, karibu nusu ya faida yote, na hapo nyumbani hawajala. Baada ya wiki mbili anachota kwenye mtaji, mwezi ukiisha meza imefungwa, na moyoni anaanza kumnung'unikia Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakumwagiza. Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia maongeo ya mbegu. Mbegu yenyewe ilibaki ipandwe tena.

Dereva wa bodaboda naye apige vivyo hivyo: ameingiza 34,000, atoe mafuta 9,000, hesabu ya tajiri mwenye pikipiki 10,000, na 1,000 ya kumwaga oili na tairi. Hiyo 1,000 husahaulika kwa kuwa haidaiwi leo, ila siku ya fundi itadaiwa yote kwa mkupuo. Zimebaki 14,000, atenge 1,400.

Tenga jioni ileile, kabla ya pesa ya mboga kutoka. Kibubu cha mbao kinatosha, au mkebe wenye kifuniko, ilimradi kiwe cha kazi hiyo tu. Kuweka kwenye simu kuna hatari mbili. Bando na umeme wa luku vinanunuliwa kutoka salio hilohilo, na ukiwa na mkopo wa simu kama Songesha, pesa ikiingia inakatwa hapohapo. Jumamosi usiku fungua, hesabu, andika kwenye daftari, kisha weka kwenye bahasha. Ukitoa kwa simu, tuma mara moja kwa wiki, maana kutuma kidogokidogo kila siku kunazidisha makato. Ukitumia lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi badala ya kanisa, simama kwanza uulize kwa mhazini. Ujumbe unaokuambia upande mbegu kwenye namba fulani ili upokee muujiza kabla ya Ijumaa, ufute. Petro alishamjibu Simoni, aliyetaka kuinunua kwa fedha, katika Matendo 8:20 kwamba karama ya Mungu haipatikani kwa mali.

Kwa mwenye mshahara maelezo ni mafupi. Kabla ya makato au baada yake? Chagua moja usigeuke kila mwezi. Ukitoa baada ya makato, basi mafao yako ya NSSF yakija siku moja, yatolee nayo. Makato ya kurejesha mkopo wa chuo bado yahesabu kama mapato yako, kwa sababu yanalipa deni lako.

Kodi ya nyumba iwe na kibubu chake. Wenye nyumba wengi mjini wanataka ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, kwa hiyo chumba cha 60,000 kwa mwezi kinataka 360,000 siku moja, sawa na karibu 14,000 kila wiki. Asiyetenga mapema ndiye anayekimbilia mikopo ya kausha damu, na riba ile inameza sadaka, chakula na amani ya nyumba. Usikope ili utoe. 2 Wakorintho 8:12 inasema nia hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Na mzazi kijijini asinyimwe dawa kwa kisingizio cha ahadi ya ujenzi wa kanisa. Yesu aliwakemea waliofanya hivyo kwa neno Korbani, yaani mali hii nimeshaiweka wakfu kwa Mungu, Marko 7. Michango ya harusi ni jambo jema, ila usiiandike kwenye ukurasa wa sadaka.

Sasa, kumtegemea Mungu kuko wapi ikiwa kila kitu kimepigiwa hesabu? Kuko kwenye ile 2,700 inayotengwa jioni wakati hujui kesho wateja watakuja wangapi. Tazama mana katika Kutoka 16: ilitosha siku, na iliyowekwa hadi asubuhi iliingia mabuu. Mjane wa Sarepta aliyemlisha Eliya hakuamka akakuta magunia. Unga wa mle mle kwenye pipa haukupunguka. Riziki ya namna hiyo haionekani kwa macho ya haraka, ndiyo maana daftari lako linahitaji ukurasa wa pili: andika ulichoomba, kwa jina na kiasi, na tarehe ilipokuja. Mara nyingi itakuja kupitia mtu. Ukiambiwa kwenye jumuiya kwamba wenzako wamekuchangia, pokea.

Ukimsaidia jirani, mpe kinachopikika usiku huo: unga wa sembe kilo 5, maharage kilo 2, mafuta lita 1, na mkaa, kwa kuwa unga bila mkaa haulishi watoto. Ukituma pesa, weka na ya kutolea. Peleka jioni, usipige picha, usimwombe ashuhudie.

Na ile wiki isiyo na kitu, mvua imepiga tangu Jumatatu na kibubu ni kitupu? Usikae nyumbani Jumapili kwa kuona haya mbele ya kapu. Nenda ukae na wenzako. Jumamosi yake ulizia kwa mzee wa kanisa zamu ya usafi, uende na ufagio wako.