SOMO: Kutambua mshtuko wa moyo kwenye ECG yenye LBBB

Swali hili linarudi kila zamu: ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ikiwa na LBBB (tawi la kushoto la umeme wa moyo limeziba), nitajuaje kama ni mshtuko wa moyo? Naliandika mara moja.

1. Kifua kinauma? ECG ndani ya dakika 10.

2. Thibitisha LBBB: QRS (wimbi la ventrikali, vyumba vya chini vya moyo) milisekunde 120 au zaidi, inazama V1, inapanda I na V6 (hizi ni lidi, yaani pembe ambazo mashine inautazamia moyo).

3. Tafuta ECG ya zamani kwenye faili. Ikikosekana, endelea.

4. Soma ST (kipande cha mstari kinachofuata QRS). Hapa ndipo wagonjwa wanapotuponyoka. Kwenye LBBB, ST kwa kawaida huenda kinyume na QRS, hivyo ST kupanda V2 peke yake hakukuambii kitu. Tumia vigezo vya daktari Sgarbossa vya 1996, vinavyotoa pointi. ST ikipanda milimita 1 pale QRS inapopanda, pointi 5. Ikishuka milimita 1 kwenye V1, V2 au V3, pointi 3. Ikipanda milimita 5 pale QRS inapozama, pointi 2. Pointi 3 na kuendelea, mtibu kama mshtuko wa moyo.

Kigezo cha tatu ni dhaifu. Mwaka 2012 daktari Smith na wenzake walikibadilisha kuwa uwiano: ST iliyopanda ikifika robo ya kina cha wimbi la S (sehemu ya QRS inayozama), mshipa huenda umeziba. S milimita 12, ST milimita 4? Hiyo ni theluthi. Anza matibabu, usingoje milimita 5.

ONYO: vigezo vikikosekana, mshtuko wa moyo bado unawezekana. Rudia ECG, pima troponini (protini inayopanda kwenye damu misuli ya moyo ikijeruhiwa).

Maswali

— LBBB mpya si ndiyo mshtuko wa moyo wenyewe?
Hapana. Miongozo ya Marekani ya 2013 ililiondoa hilo. Soma namba 4.

— Nina pointi 2, nimruhusu aende nyumbani?
Kifua bado kinauma? Umepima uwiano? Usimruhusu.

— Dokta, mwenye betri ya moyo je?
Swali zuri sana. Waya ukisukuma umeme kutoka ventrikali ya kulia, QRS hufanana na ya LBBB, kwa hiyo kanuni ni ile ile: ST ikifuata upande wa QRS, shtuka.

— Na RBBB (tawi la kulia limeziba)?
Hapo V1 hadi V3 ST hushuka kidogo kwa kawaida. Ukiikuta imepanda, mpigie bingwa wa moyo.

— Mashine yetu hutoa mawimbi madogo madogo.
Angalia pembeni mwa karatasi. Ikiandika milimita 5 kwa milivolti badala ya 10, kila kipimo kimekatwa nusu na pointi zitakudanganya. Uwiano haubadiliki.