SOMO: Kupandisha boya kwa spuli ukiwa bado chini

Mnaozamia kwenye kuta za Pemba mnajua mkondo ulivyo: ukitoka juu, boti iko kule. Kwa hiyo boya (mfuko mwembamba unaotiwa hewa) litangulie, boti ijue ulipo. Kulipandisha kutoka mita 21, chukua spuli, yaani kigurudumu kidogo cha kamba kisicho na mpini, ya mita 30. Kamba iliyo sawa na kina haitoshi, maana wakati wa kusi upepo hulikokota boya na kamba hulala mshazari. Rili yenye mpini ni nzuri, ila ina vitu vingi vya kunasa. Mimi kwa boya nabaki na spuli.

Nyumbani: loweka kamba mpya ya nailoni usiku kucha ndipo uizungushe kwenye spuli, na isifike ukingoni. Yangu ya kwanza niliijaza pomoni. Kamba ikaruka ukingo, ikabana, nikapaa kutoka mita 18 hadi 12 kabla akili haijanirudi nikaachia. Spuli ile sikuiona tena, wala sikuililia.

Chini ya maji:

1. Tulia kwenye kina chako, tazama juu. Mwenzako akuone.

2. Kunjua boya, lifunge kwa kitanzi cha kamba. Chomoa kwenye spuli klipu ya vichwa viwili (ndoano ndogo inayofunguka ncha zote mbili), itundike kwenye pete ya mkanda wako. Klipu peke yake! Spuli isikuguse popote ila vidoleni.

3. Ishike spuli katikati kwa gumba na kidole cha kati, legelege, mkono umenyooka mbali na kifua.

4. Tia hewa theluthi tu. Mita 20 shinikizo ni mara 3 ya juu, kwa hiyo theluthi hiyo itajaa yenyewe njiani. Achia.

5. Kaza kamba, ifunge kwa klipu, panda huku ukizungusha.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Mshipi wa kuvulia haufai? Tunao tele.

Marahaba. Haufai: unakata vidole na hauonekani. Hata kamba ya plastiki ya sokoni iache. Inaelea, ikilegea inakuzunguka kichwani.

— Mafundo ya kila mita 3 kwenye kamba ni ya nini?

Ya mapangoni, kama kule Florida. Ukiwa gizani unahesabu umbali kwa vidole. Huko nenda na kozi yake, siyo na somo hili.

— Klipu ikinidondoka je?

Beba mbili. Ya pili nami ilinidondoka wiki iliyopita, nikabana kamba kwa kidole dakika zote za kusubiri mita 6 kabla ya kutoka juu.