Karura ya asubuhi, si ya Jumapili

Ukitaka Karura, ule msitu wa jijini Nairobi, ikutulize kweli, nenda siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi hivi. Jumapili mchana njia ya maporomoko hujaa watu na baiskeli. Utakutana na zile kelele ulizokimbia. Kiingilio hulipwa kwa simu, si pesa taslimu; ukishalipa, zima simu. Maji yabebe kwenye chupa ya chuma, maana plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku msituni tangu Juni 2020. Ndizi ifungie mkobani. Kima hunyakua mkononi kabisa. Kisha keti dakika 20 bila kusogea. Kumi za kwanza ni za kuhangaika tu, ndege hujitokeza baadaye. Julai usisahau sweta: benchi huwa limelowa umande.