Kabla Hujaanza Kukariri Misamiati ya Kidato cha Tano

Matokeo ya kidato cha nne umeshayaona, sasa unasubiri kupangiwa shule, na hadi Julai huna kazi kubwa. Ndicho kipindi ambacho vijana wengi wa hapa Tanga hununua kauntabuku, wakaandika VOCABULARY juu ya jalada, wakaanza kumeza maneno makubwa ya Kiingereza. Nafundisha tuisheni ya jioni Ngamiani na nawaona kila mwaka. Nia ni njema, ila kuna mambo ya kuweka sawa kwanza.

Jua unayataka maneno kwa kazi gani. Wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hawahitaji maneno yale yale, lakini wote watakutana na maswali ya Kiingereza. Kwa hiyo anza na maneno ya maswali yenyewe. "Account for" haihusu hesabu, inadai sababu. "Justify" inakutaka utetee kauli uliyopewa. "To what extent" inataka upime huku na huku, kisha useme umesimama wapi. Nimesahihisha insha za vijana wenye maneno mazito kweli kweli, wamejaza kurasa nne za maelezo matamu, na swali liliuliza sababu.

Uwe na kamusi mbili: ya Kiingereza kwa Kiswahili ikufungulie mlango, na ya Kiingereza kwa Kiingereza ikuoneshe neno likiwa kwenye sentensi. Daftari la kaka yako ulilotoa fotokopi si kamusi.

Maneno matano kwa siku yanatosha. Yarudie kesho, keshokutwa, na wiki ijayo, ukiwa umefunika maana kwa kiganja.

Sikia neno kabla ya kulikariri. Sisi tunaandika tunavyotamka, Kiingereza hakiko hivyo. "Debt" haina b mdomoni. "Determine" haiishii na "main", ingawa nusu ya darasa hutamka hivyo. Matamshi mabaya yakikaa mwaka mzima, kuyang'oa ni kazi.

Sasa hili la kupasua maneno vipande, naomba ulisome polepole.

Nilipokuwa kidato cha sita nilichaguliwa kuandika na kusoma risala ya wahitimu kwenye mahafali. Nilikuwa na kaunta yangu imejaa, na nilikuwa na mbinu niliyojivunia: nakata neno, najua kichwa na mkia, napata maana bila kufungua kamusi. Mgeni rasmi alikuwa mzee aliyeipa shule madawati 40. Nilijua "priceless" ni sifa, kitu kisicho na bei kwa jinsi kilivyo bora. Nikafikiri, thamani ni kubwa kuliko bei, basi "valueless" itakuwa sifa kubwa zaidi. Nikaandika tunamshukuru kwa "valueless contribution" yake. Sikumwonesha mwalimu, nilitaka aisikie siku ile ile.

Nikasoma chini ya turubai, upepo wa kaskazi ukinipeperushia karatasi, na sentensi ile nikaisoma kwa sauti ya juu kuliko zote. Walimu wakainamisha vichwa. Mzee yule aliposimama kujibu, aliuliza kwa Kiswahili, bila ukali: "Kumbe madawati yangu hayana thamani?" Akasema maneno mawili matatu mengine, akakaa. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu mia kadhaa na kumwambia mfadhili wetu kwamba mchango wake si kitu.

Baba yangu hakujua Kiingereza. Tulipokuwa tukirudi Pongwe, mimi nimepakiwa nyuma ya baiskeli, aliniuliza bila kugeuka, "Mwanangu, ulimwambia nini yule mzee?" Mpaka tunafika nyumbani sikuwa nimemjibu. Kesho yake nilimwandikia mgeni barua ya kuomba radhi, na nikampelekea mwenyewe kwa mkono.

"Priceless" ni sifa na "valueless" ni tusi, japo zina mkia mmoja. Neno nililolihitaji ni "invaluable", ambalo kwa jicho la mpasuaji linaonekana kama "isiyo na thamani", kumbe maana yake thamani yake haikadiriki. Tazama pia malori ya mafuta yaliyoandikwa "inflammable". Ile "in" ya mwanzo haikanushi chochote, imetoka kwenye neno la Kilatini la kuwasha, na lori lile linashika moto. Vipande vinasaidia kukumbuka neno ulilokwisha kulijua. Maana ya neno jipya katafute kwenye kamusi.

Kwetu ni vile vile. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, na hakuna anayechapwa. Mgeni aliyekariri kwamba kupiga ni kuchapa atapotea siku ya kwanza. Basi kila neno unaloandika kwenye kaunta, andika na sentensi nzima uliyoikuta mahali, usitunge yako kwanza. Angalia linatembea na nani: mvua kubwa ni "heavy rain", lakini upepo mkali ni "strong wind". Angalia pia kama linasifu au linachafua. "Notorious" ni mtu anayejulikana kweli, ila kwa ubaya. Usimpachike kiongozi unayemheshimu.

Chochote utakachosoma mbele za watu, mpe mwalimu wa Kiingereza siku mbili kabla, si asubuhi ile. Usirundike maneno matatu mageni kwenye sentensi moja. Ukiwa na shaka kwenye mtihani, tumia neno jepesi unalolijua. Kaunta usiiazimishe, wengi hawarudishi, na ukiiazimisha andika jina lako ndani pia, kwa sababu jalada huchanika. Masika ikianza, usiiweke kwenye begi bila mfuko wa nailoni. Na usikariri usiku ukiwa umelala kitandani, utasinzia na neno la tatu.